Sherehe ya Watoto Itengenezwe Nyumbani

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wazazi na walezi wa Kata ya Ruhuwiko, Manispaa ya Songea, wakati wa maandalizi ya Siku ya Mtoto wa Afrika. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wasomaji wa kata nyingine.)



Nawashukuru kwa kuacha mahindi uani na kuja kuketi hapa. Nafahamu kwamba huu ni msimu wa mavuno, na kila saa ya mchana ina kazi yake. Basi sitawachosha. Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linaloonekana dogo: namna ya kuandaa sherehe ya watoto nyumbani, kwa mikono yetu na vitu vyetu, ikiwa na mada moja inayoiongoza tangu mwanzo hadi mwisho. Nasema linaonekana dogo kwa sababu, tukilitazama kwa makini, ndani yake mna madeni ya kaya, usalama wa watoto, na hali ya yule mtoto anayesimama nje ya ua akitazama wenzake wanavyocheza.

Sote tunajua mambo yalivyobadilika. Siku ya kuzaliwa, mahafali ya darasa la awali, ubatizo, kipaimara na kuhitimu madrasa vimekuwa na gharama ambazo wazazi wetu hawakuzijua. Kuna viti na turubai vya kukodi, keki ya kuagiza, muziki, mpambaji na mpiga picha. Mwenye uwezo wa kulipia hayo halaumiwi. Mali ni yake na furaha ni ya mwanawe. Tatizo ni kwa yule anayejilinganisha naye, akaenda kuchukua mkopo wa kausha damu ili mtoto wa miaka mitano apate sherehe ya saa tatu. Mtoto huyo ataisahau rangi ya mapambo kabla ya mwezi kwisha, lakini marejesho ya kila wiki yatabaki mlangoni. Yatapunguza unga, yatachelewesha daftari, na pengine yatauza gunia la mahindi ambalo lingefika Januari.

Hapa niseme wazi kuhusu mikopo inayotolewa na halmashauri kutokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, lakini ni ya kuzalisha mali katika vikundi. Fedha ya kununulia vifaranga isigeuzwe keki.

Je, basi tuache kuwafanyia watoto sherehe? Hapana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inapotaja wajibu wa mzazi kumtunza mtoto, inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na uongozi mwema. Na katika orodha hiyohiyo inataja haki ya kucheza na kupumzika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto uliopitishwa tarehe 20 Novemba 1989 unasema hivyo katika ibara ya 31, na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unarudia katika ibara ya 12. Kwa hiyo mchezo ni sehemu ya malezi, wala si zawadi ya kutolewa pale fedha inapobaki. Ila hakuna sheria iliyosema kwamba mchezo huo ukodiwe.

Hata siku tunayoiandaa, tarehe 16 Juni, haikuanzia katika ukumbi uliopambwa. Inawakumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, walioandamana mwaka 1976 kupinga kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans, wakapigwa risasi. Mwaka 1991 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaifanya kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Asili yake ni watoto waliotaka kusikilizwa. Basi sherehe inayomfaa mtoto ni ile ambayo ndani yake mtoto anasikilizwa, anapewa kazi, na anaitwa kwa jina lake.

Nini maana ya mada

Sherehe yenye mada ni sherehe ambayo kila kitu ndani yake, yaani mwaliko, mapambo, michezo na chakula, kinasimulia jambo moja. Wengi hudhani mada ni picha ya katuni ya kigeni iliyochapwa kwenye sahani za karatasi. Sahani hizo hununuliwa ghali na hutupwa siku hiyohiyo. Mada nzuri ni ile ambayo mtoto anaifahamu tayari kwa macho yake, ila hajawahi kuicheza na wenzake kwa mpangilio. Faida yake ya kwanza ni kwamba inapunguza gharama, kwa kuwa ukishajua unasimulia nini, unajua pia ni vitu gani huvihitaji.

Hapa Ruhuwiko mada zimetuzunguka. Tunayo mavuno: watoto waje wakipukuchua mahindi kwa mashindano, wapange punje za rangi mbalimbali kuwa picha, watengeneze magari ya mabua na wanasesere wa maganda ya mahindi, kisha wale mahindi ya kuchoma na kande. Tunao Mto Ruvuma, ambao chanzo chake kiko katika milima ya Matogoro tunayoiona kila siku: tandazeni vitenge vya bluu uani kutoka mlangoni hadi kwenye ua, upande mmoja uwe Matogoro na wa pili Bahari ya Hindi, na watoto wasafiri wakiruka mawe, wakikutana na viboko wa maboksi, huku mmoja akieleza kwamba ng'ambo ya mto huo, sehemu kubwa ya njia yake, ni Msumbiji. Tunao wazee: alasiri ya hadithi na mafumbo, ikifungwa kwa lizombe wanayofundishwa na bibi na babu zao, haihitaji hata senti ya mapambo.

Lakini niruhusuni nieleze mada moja kwa kirefu, ili mwone jinsi mpango unavyojengwa. Nimechagua safari ya ndege, kwa sababu Uwanja wa Ndege wa Songea uko hapahapa katani kwetu. Watoto wa Ruhuwiko huacha mchezo na kutazama juu kila ndege inaposhuka. Walio wengi hawajawahi kuipanda, na pengine wazazi wao pia. Mchana mmoja tunaweza kuwapandisha wote.

Safari ya ndege, hatua kwa hatua

Anzeni wiki tatu kabla. Wiki ya kwanza, keti na mtoto mwenye sherehe mkaandike majina ya wageni. Watoto 15 hadi 20 wanatosha kwa ua wa kawaida. Mwaliko uwe tiketi: kata boksi la biskuti vipande vya ukubwa wa kiganja, andika jina kamili la msafiri, mahali pa kuondokea, yaani Songea, saa ya kuondoka, saa ya kurudi na namba ya kiti. Nasisitiza jina kamili. Wapo watoto mitaani mwetu ambao wanajulikana kwa majina ya utani tu, mengine ya kuwaumiza. Mtoto anapopokea tiketi yenye majina yake yote, anatambua kwamba amehesabiwa.

Kisha fanyeni jambo moja ambalo ndilo kiini cha mazungumzo yangu. Mkimaliza tiketi zenye majina, tengenezeni nyingine tano zisizo na jina. Mtaniuliza ni za nani. Ni za wale watakaofika kwenye ua wakivutwa na sauti, ambao hakuna aliyewaalika: mtoto anayeishi na bibi yake mwisho wa mtaa, binti wa kazi aliyetumwa dukani, mtoto wa familia iliyohamia juzi. Ninyi mnajua kwamba watafika. Hufika kila mara. Tofauti ni kwamba katika sherehe nyingi hufukuzwa kwa fimbo au huachwa wakichungulia, na katika sherehe iliyopangwa hupewa tiketi, wakaulizwa jina, likaandikwa mbele yao. Kwa hiyo hesabu ya chakula nayo ianze na hao watano. Mkiwa na watoto 20 walioalikwa, pikeni kwa ajili ya 25.

Wiki ya pili ni ya kutengeneza, na kazi hii ifanywe na watoto wenyewe wakati shule zimefungwa. Ombeni maboksi makubwa madukani. Viti vya nyumbani na mabenchi vipangwe safu mbili mbili, katikati pawe na njia. Hiyo ni ndege. Mbawa ni mabua yaliyofungwa kwa kamba na kufunikwa magunia ya zamani. Madirisha ni matundu yaliyokatwa kwenye maboksi. Gundi ni uji mzito wa unga wa ngano au muhogo. Rangi ya njano ni manjano ya jikoni, nyeusi ni mkaa uliosagwa, na ya kahawia ni udongo wetu mwekundu. Muhuri wa tiketi ni nusu ya kiazi kilichochongwa nyota. Kaka mwenye ujuzi wa waya awasaidie wadogo kutengeneza vindege vidogo, mmoja kwa kila mgeni, ambavyo ndivyo zawadi za kwenda nazo nyumbani. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo vifungashio viwe vya karatasi au majani ya migomba.

Siku yenyewe ndege itue katika vituo vinne au vitano vilivyopangwa kuzunguka nyumba. Kila kituo kiwe na kazi moja ya kufanya na jambo moja la kujifunza. Mtwara, watoto wabangue karanga kana kwamba ni korosho. Zanzibar, wafungwe macho wanuse karafuu, iliki na mdalasini, wataje ni nini. Moshi, wapande ngazi za mawe au kilima cha mchanga wakihesabu, na waambiwe kwamba kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Mwanza, wavue samaki wa karatasi katika beseni kwa ndoano za sumaku au vitanzi vya uzi, na kila samaki awe na swali au kitendawili mgongoni. Dodoma, wakae kama Bunge: mtoto mmoja awe Spika, wengine watoe hoja juu ya jambo wanalotaka libadilike mtaani. Sikilizeni hoja hizo na muziandike. Mtasikia habari za kisima kilicho mbali, za mbwa asiyefungwa na za taa isiyowaka njiani. Hoja kama hizo zikifika kwa mwenyekiti wa mtaa zikiwa zimeandikwa, sherehe itakuwa imefanya kazi ya mkutano.

Rubani asiwe mmoja. Kila ndege inapoondoka, abadilishwe. Na kama yupo mtoto asiyeweza kukimbia, au asiyeona vizuri, au anayesikia kwa shida, yeye awe miongoni mwa marubani wa mwanzo au mkaguzi wa tiketi. Asiwekwe pembeni na kuonewa huruma. Mtoto mwenye ualbino apewe kofia na kiti cha kivulini, maana baridi ya Juni hapa Songea haizuii jua kuchoma ngozi. Mambo haya yakiwa ndani ya mpango tangu mwanzo hayagharimu chochote. Yakikumbukwa katikati ya sherehe, mtoto huona kwamba alisahauliwa.

Chakula

Kwa watoto 25, viazi vitamu kilo 7 au 8, mahindi ya kuchoma 25 yaliyokatwa vipande viwili viwili, karanga kilo moja na nusu, machungwa 25 na maji safi ya kunywa ndoo mbili za lita 20 vinatosha. Mwenye kuku au mayai aongeze. Vingi kati ya hivi viko shambani mwetu au kwa jirani. Atakaye keki anaweza kuioka katika sufuria yenye mfuniko, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Akina mama wengi hapa wanaijua kazi hiyo kuliko mimi.

Chagueni mahindi na karanga kwa uangalifu. Punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye ladha chungu zitupwe, kwa kuwa huenda zina sumukuvu, na sumu hiyo haitoki kwa kupikwa. Karanga nzima wasipewe watoto walio chini ya miaka mitano, maana huweza kuwapalia, wasagieni. Ulizeni wazazi mapema kama yupo mtoto anayedhurika na chakula fulani. Chakula kilichopikwa kiliwe kabla ya saa mbili kupita tangu kuiva. Na kabla ya kula, kila mtoto apite kwenye kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lenye tundu, kijiti cha kukanyagia na kipande cha sabuni kwenye kamba. Katika mada yetu, hapo ndipo mahali pa ukaguzi wa wasafiri, asiyenawa hapandi.

Usalama

Mambo ya usalama ni machache, lakini hayana mjadala. Jiko la mkaa na maji ya moto vikae nyuma ya kizuizi. Kisima na shimo la choo vifunikwe. Maputo, mkiyatumia, yasiachwe kwa watoto wadogo, kwani kipande cha puto kilichopasuka huweza kuziba koo. Awepo mtu mzima mmoja kwa kila watoto watano au sita, na kila mmoja ajue watoto wake kwa majina. Mtoto asipelekwe ndani ya nyumba na mtu mmoja peke yake kwa kisingizio chochote. Pombe isiwepo kabisa, hata ile ya wageni wakubwa waliokuja kusaidia. Sherehe ya watoto hugeuka sherehe ya wazee pale tu chombo cha kwanza kinapofunguliwa. Picha za watoto wa wenzenu zisitumwe kwenye makundi ya simu bila idhini ya wazazi wao.

Anzeni saa 8 mchana na mmalize saa 11 jioni, ili kila mtoto afike kwao kabla ya giza, akisindikizwa. Kama mnataka muziki wa sauti kubwa au kuzuia njia, pitieni kwanza ofisi ya mtaa. Na endapo katika sherehe au baada yake mtaona dalili kwamba mtoto anateswa, amepigwa au ameingiliwa, msikae kimya kwa kuogopa kuvuruga ujirani. Namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na haina malipo. Maafisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi wapo kwa ajili hiyo.

Kugawana mzigo

Sherehe ya namna hii haihitaji kubebwa na kaya moja. Katika mtaa wenye watoto watano waliozaliwa mwezi mmoja, kwa nini ziwe sherehe tano zinazoshindana? Wazazi watano wakutane, wafanye moja. Mmoja atoe viazi, mwingine kuni, wa tatu ua wake, wa nne ufundi wa mikono, na yule asiye na kitu atoe alasiri yake kuwasimamia watoto. Hapo hakuna atakayejua nani alichangia kidogo, na watoto wote watano wataimbiwa. Ninashauri pia zawadi za kununua zisiletwe kabisa. Mwaliko useme hivyo waziwazi, kwa sababu mzazi asiye na fedha ya zawadi humzuia mtoto wake asije, na hatoi sababu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Watoto wetu wacheze kwao, kwa vitu vya kwao, na sisi tuwatunze. Mwaka huu tarehe 16 Juni itakuwa na maandamano, hotuba na kaulimbiu yake kama kawaida. Ombi langu ni kwamba kabla ya siku hiyo, kila mtaa wa kata yetu uwe umefanya angalau sherehe moja ya uani, na mratibu wake alete kwa mtendaji wa mtaa mambo mawili tu: orodha ya hoja zilizotolewa na watoto, na idadi ya tiketi zisizo na majina zilizopata wenyewe. Kwa idadi hiyo ya pili tutajua tumewafikia watoto wangapi ambao hawamo katika mwaliko wa mtu yeyote, nao ndio ambao huduma zetu huchelewa kuwaona.